Siku Mama Aliposema Ndoa Yake Si Aptudeti

Nilifika nyumbani Mogitu likizo ya Juni, na kabla sijaweka begi chini mama akanipa simu yake. Picha za wajukuu zilikuwa hazifunguki.

"Shikamoo mama. Simu yako si aptudeti."

"Marahaba. Si nini?"

Mimi nafundisha Kiingereza, kwa hiyo nikaeleza kimwalimu: aptudeti ni kitu kinachokwenda na wakati, mambo yake ni ya leo. Kilichopitwa kinahuishwa. Nikaihuisha ile simu, picha zikafunguka, mama akacheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kanga.

Tangu hapo neno likawa lake. Maziwa ya asubuhi yalikuwa aptudeti, ya jana hapana. Jirani anayejua habari zote za kijiji alikuwa aptudeti kabisa. Nilimwambia maziwa hayasemwi hivyo.

"Kwa nini? Si ya leo?"

Nikanywa maziwa yangu.

Siku moja tunakula makande, akaweka kijiko chini akamtazama baba.

"Mzee, ndoa yetu si aptudeti."

Baba alimuoa kwa mila, bila ndoa ya kanisani. Ng'ombe walitolewa, tukazaliwa sote. Lakini kanisani wenzake wakienda kupokea komunyo, mama hubaki kwenye benchi. Miaka yote hiyo sikujua kwamba jambo hilo linamuuma.

"Mama Mwalimu, sisi ni wazee," baba akasema. "Watu watacheka."

"Wacheke. Hata mwalimu amesema kilichopitwa kinahuishwa."

Baba akanigeukia. Nilitaka kusema nilikuwa naongelea simu, lakini niliona mama alivyokaza mikono magotini.

"Ndiyo baba," nikasema. "Ndivyo nilivyosema."

Ndoa yao ilibarikiwa baada ya mavuno. Mama alivaa gauni la bluu alilolichagua mwenyewe mjini Katesh, na baba koti la kuazima lililombana mabega. Padri alipomuuliza kama anamkubali mwanamke huyu, alijibu kwa sauti ndogo, kama kijana aliyekwenda kuposa:

"Namkubali. Nilishamkubali zamani."

Kanisa zima likacheka, vigelegele vikapigwa. Mama hakucheka. Alipokea komunyo akiwa amefumba macho, kisha akamshika baba mkono. Tulipotoka hakumwachia. Walitembea hivyo hadi nyumbani, vumbi likipanda kwenye viatu vyao vipya, na sisi watoto tukawafuata nyuma bila kuwasemesha.