Kwa Nini Lemburis Alipunguza Mwendo

Ipo siku moja, mwanangu, ninayoikumbuka kuliko siku zote nilizoshika filimbi. Nimefundisha michezo sekondari huku milimani, nikamalizia kazi chuo cha ualimu kule chini Same, na kila anayenitembelea huniuliza habari za vikombe. Vikombe vipo kabatini, vinashika vumbi. Mimi nataka nikueleze habari za kijana aliyekuwa akishindwa kwa makusudi, au ndivyo wengi walivyodhani.

Nilikuwa mwalimu mgeni huko Gonja. Nilichokijua vizuri ni netiboli, lakini shule haikuwa na mwalimu mwingine wa michezo, nikakabidhiwa yote: mpira, kuruka, mbio. Uwanja wetu ulichongwa ubavuni mwa mlima. Mpira ukitoka, tunaufuata katikati ya tangawizi za watu, na wenyewe wanatugombeza. Hapo ndipo nilipomwona Lemburis, mtoto wa wafugaji wa tambarare ya upande wa Makanya, aliyekuja kusoma bweni. Mrefu, mkimya, na akikimbia ungedhani ardhi yenyewe inamsukuma.

Lakini alikuwa na jambo lake. Katika mbio ndefu aliongoza tangu mwanzo. Akifika kona ya mwisho, pale anapowaona watu wamesimama kumsubiri, anapunguza mwendo. Anageuka nyuma. Wawili watatu wanampita, naye anaingia nyuma yao taratibu, kama mtu anayesindikiza wageni.

Wanafunzi walisema anaringa. Wengine wakasema pumzi inamkata. Nilimuuliza mwenyewe, akatazama chini. "Sijui, mwalimu." Mashindano ya wilaya yalikuwa yanakaribia, nikaenda kwa mkuu wa shule, Mwalimu Mbwambo, mzee aliyekuwa karibu kustaafu, nikamwambia nataka kumtoa Lemburis kwenye timu.

"Ukimtoa atarudi kwao," alisema. "Mbio ndizo zinazomshikilia hapa shuleni. Unajua kwa nini anapunguza?"

"Nimemuuliza, anasema hajui."

"Sikuulizi yeye anajua nini. Wewe unajua nini?"

Hakupandisha sauti, mzee yule. "Siri ya mtungi aijuaye kata, binti yangu. Nenda ukatafute kwanza. Ukishajua, njoo tena uniambie nimtoe."

Mimi ni Mpare, na unajua sisi kesi hatuiachi mpaka ifike mwisho. Nilitoka ofisini mle nimeudhika kidogo, lakini kufika uwanjani udadisi ulikuwa umeshanishika. Jioni ile niliwarudisha wanafunzi wote bwenini, nikajificha nyuma ya ghala, nikamwacha Lemburis azunguke peke yake. Akapita mstari wa mwisho kama upepo! Kesho yake nikawasimamisha wenzake pale pale mstarini. Akapunguza. Nikawaondoa, akakimbia. Basi nikajua: miguu haina shida, wala pumzi. Shida ni watu waliosimama.

Lakini kwa nini watu? Swali hilo lilinikosesha hamu ya kula. Likizo fupi ilipofika, nikateremka naye mpaka kwao.

Mama yake alitupokea mlangoni mwa boma. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanipa maziwa, na kwa Kiswahili chake cha taratibu akauliza mwanawe amefanya kosa gani hata mwalimu akamleta mwenyewe. Nikamwambia hana kosa, nikamweleza nilichokiona. Yule mama akamtazama mwanawe.

"Baba yake alifia malishoni," alisema. "Nyoka. Walikuwa wawili tu na ng'ombe. Huyu akaja mbio kutuambia. Sisi tulikuwa tumesimama hapa, wote. Mchungaji harudi mbio, mwalimu, tena peke yake. Tulipomwona tu, tukaanza kulia. Alikuwa bado hajasema neno."

Lemburis alikuwa amesimama kando ya zizi, anasikia. Nadhani hata yeye alikuwa hajawahi kuyaweka mambo hayo mawili pamoja. Akasema polepole, "Watu wakisimama vile, miguu inakataa."

Chuoni walinifundisha kunyoosha misuli, mwanangu, hawakunifundisha hilo. Mama ndiye aliyeniokoa. Aliuliza mashindano yatafanyika wapi. Nikamwambia Same mjini.

"Nitakuja," alisema. "Nitasimama mimi."

Na kweli alikuja, yeye na jirani zake wawili, shanga zao zikiwaka juani. Upepo wa Same siku ile ulikuwa unachota vumbi na kulimwaga machoni mwetu. Lemburis aliongoza, na mwenzake wa shule nyingine akimfuata kwa karibu. Kona ya mwisho akauona umati. Nikaona mabega yanaanza kulegea, na moyo wangu nao ukalegea. Hapo mama yake akajitokeza mbele ya watu wote, akainua mikono juu, akapiga kelele kwa Kimaasai huku anacheka. Anacheka, mwanangu, na machozi yanamtoka.

Lemburis hakugeuka nyuma tena. Alizidiwa kwa kifua tu, akawa wa pili, lakini alipita mstari ule kwa kasi yake yote mpaka akaangukia mikononi mwa mama. Mwalimu Mbwambo, aliyekuwa amesafiri nasi, alivua kofia, akageukia ukuta wa uwanja kujifuta macho.

Baadaye nikamuuliza Lemburis mama alisema nini.

"Amesema, 'Njoo mwanangu, hakuna aliyekufa.'"

Leo Lemburis ana familia yake na anafundisha mbio huko tambarare. Mimi nimezeeka, magoti yanalalamika nikipanda hata ngazi za kanisani. Wewe ndiyo kwanza umekabidhiwa timu, na najua utakutana na watoto watakaokuchosha. Kabla hujamwita mmoja wao mvivu, jiulize unajua nini juu yake. Kama hujui, uliza, asipojibu, tazama, ukitazama usione, funga safari. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kocha anayedadisi huchelewa kukasirika, na mara nyingi akishajua, hasira yenyewe haimjii tena.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe macho ya kuona na subira ya kungoja, na watoto watakaopita mikononi mwako wafike salama kila waendako.