Siku Niliyomsahihisha Mjomba

Majuzi, kwenye harusi huko Kalamba, vijana waliuimba upya wimbo mmoja wa zamani na watu wote wakainuka kucheza. Mimi nilibaki nimekaa.

Nilikuwa msichana mdogo mjomba Mutinda alipouimba wimbo huo nyuma ya jikoni kwa nyanya, mbaazi zikichemka, gitaa lake likinuka moshi. Wageni walikuwa kimya wakimsikiliza. Mimi niliujua kutoka redioni, kwa sauti ya mtu mwingine, na niliamini kwamba wimbo ni wa yule anayesikika redioni.

"Mjomba, unakosea maneno," nikamwambia. "Na huo wimbo si wako."

Wageni walicheka. Mjomba alinitazama kidogo, kisha akasema, "Basi nifundishe, mama."

Nikamfundisha mstari kwa mstari, naye akaimba nilivyotaka mpaka mwisho.

Tulipokwisha kumzika ndipo nyanya aliponiambia kwamba mjomba ndiye aliyeutunga, mwaka aliofiwa na mkewe Kalekye. Aliyeurekodi baadaye aliliondoa jina hilo, akaweka "mpenzi".

Kalekye ndilo neno nililomwambia mjomba amekosea.