Sanduku Lililozimwa kwa Adabu

Kule Mantapala, kambini kwa wakimbizi, mtu wa mwisho kutoka chumbani huzima kila kitu. Ni adabu. Umeme wetu unatoka kwenye paneli zilizo juu ya bati, na ukiacha taa inawaka mchana watu watakusema mpaka kisimani. Adabu hiyo naipenda, lakini mwaka ule ilikuwa inanitia wazimu.

Nilikuwa natunza chumba cha kompyuta: seva moja iliyohudumia kompyuta za meza zote, na pembeni yake sanduku dogo la diski lenye nyimbo za kwaya. Nilikuwa nimeipanga seva ijiunge na sanduku hilo mara inapowaka na ikae nalo siku nzima. Basi mama kiongozi wa kwaya akimaliza kusikiliza nyimbo zake, anasema aksanti, anazima sanduku, anakwenda zake kwenye mihogo. Seva inabaki inasubiri kitu kisichokuwepo. Meza zote zinaganda, na watu wote wananigeukia mimi.

Nilibandika karatasi, USIZIME. Nilifunika swichi kwa utepe. Nilipaza sauti, na mimi nikipaza sauti nasikika mpaka barabara ya Kenani.

"Papa, kuran ni ya batu bote," mama alinijibu bila hata kukunja uso; umeme kwao ni kuran. "Sasa miye mutu muzima, niache kintu inawaka bure?"

Nikanyoosha mikono. Watu wema hivi huwabadilishi. Afadhali ubadilishe seva. Ijumaa moja nikaiwekea autofs, programu inayoliunganisha sanduku pale tu mtu anapolihitaji, na kuliachia lenyewe likikaa bila kazi kwa muda. Niliandika faili mbili: moja ya kusema folda za namna hiyo zitakaa wapi, nyingine ya kusema kila jina linaelekea diski ipi. Nikaiwasha programu, haikulalamika. Betri ilikuwa imechoka, kwa hiyo nikazima vyote na kurudi kwangu Nchelenge nikipiga mluzi, bila kufungua hata wimbo mmoja kujaribu.

Kesho yake asubuhi mama alikuwa ananingoja mlangoni na kitenge kipya. Binti yake alikuwa anaolewa siku hiyo, ng'ambo ya ziwa, mji wa Kilwa, katika nchi aliyoikimbia mama. Karatasi za mama za ukimbizi hazikumruhusu kuvuka. Kwa hiyo walikuwa wamekubaliana kwamba bibi arusi ataingia kanisani kwa wimbo ulioongozwa na sauti ya mama yake, nami niutume kwa simu. Wimbo wenyewe ulikuwa mle sandukuni, wala hakukuwa na nakala nyingine.

Niliwasha sanduku, nikawasha seva, nikafungua mahali pa nyimbo. Patupu. Nikafunga, nikafungua tena. Patupu vilevile.

Nilidhani nimefuta kila kitu kwa ujanja wangu wa jana, na sikuwa na ujasiri wa kumtazama. Simu yake ikalia: bibi arusi alikuwa ameshafika mlangoni mwa kanisa.

Mama akainama mbele ya kioo cha kompyuta, akapiga meza kwa vidole. "Odi! Ba kwaya, odi! Muko?"

Alikuwa ananitania ili asilie. Lakini ndivyo tulivyo. Kwetu hakuna anayesema nyumba haina watu kabla hajaita. Na mimi nilikuwa nimechungulia tu! Autofs haionyeshi kitu mpaka ukitaje. Nikaandika njia yote, mpaka jina la folda yenyewe, kwaya, nikabonyeza. Taa ya sanduku ikaanza kupepesa, na nyimbo zikajipanga moja baada ya nyingine. Nilipiga kelele ya furaha, na safari hii hakuna aliyenikemea.

Wimbo ukaenda. Tuliiweka simu ya mama katikati yetu, tukangoja mpaka ikalia tena. Mama akaiweka kwenye spika. Tukasikia vigelegele, ngoma, na katikati yake sauti yake mwenyewe ikirudi kutoka ng'ambo, imejaa kanisa zima. Alisimama, akaanza kucheza kati ya meza, polepole, mabega mbele, kama mama wa bibi arusi anavyotakiwa kumtangulia mwanawe.

"Papa, simama! Nitacheza paka miye moja?"

Hakutaka acheze peke yake. Mimi kucheza sijui. Nilicheza hivyo hivyo, na waya wa mtandao begani, nikagonga kiti, nikaendelea. Mama alicheka mpaka akashika ukuta.

"Mama, uko na nani?" binti akauliza kwa sauti ya kushinda ngoma. "Nani anacheka hivyo?"

Upande huu wa ziwa nilikuwa nimekuja peke yangu, na sikuwa na mtu wa kuniita ndugu; kwa wote nilikuwa fundi, au Papa ya heshima tu. Mama aliishika simu kwa mikono miwili.

"Ni kaka yako," akasema. "Anacheza mubaya, lakini anacheza."