Kuhamisha Programu ya Shangazi

Mikumi nilishuka kula tu. Basi lilikuwa linakwenda Iringa na mimi nilikuwa nakwenda mbele zaidi, kama kawaida yangu. Tunduma nilishaosha malori, Makambako nilishasimamia duka la intaneti, Dumila nilishauza matairi, na kila nilipofika nilianza kupakumbuka nilipotoka. Siku hiyo, nikiwa na sahani ya wali mkononi, niliona ng'ambo ya barabara yadi ya magari ya mitumba yenye kibao cha kutafuta muuzaji. Nikarudi kwenye basi kuchukua begi langu.

Yadi ilikuwa ya mama mmoja mjane ambaye barabara nzima ilimwita Shangazi. Nje zilipangwa pikapu na malori madogo, kazi yangu ikawa kuyauza. Ndani kulikuwa na duka la spea, na hapo alikaa yeye, nyuma ya kompyuta nene iliyogeuka rangi ya meno ya mvuta sigara. Ndani ya kompyuta hiyo kulikuwa na programu ya zamani ya kuuzia magari. Marehemu mume wake aliipata pamoja na meza na viti, kampuni moja ya magari ya Dar es Salaam ilipokuwa inafunga. Skrini nyeusi, maandishi ya kijani, hakuna picha wala kipanya. Kila gari na kila spea ilikuwa na namba yake, na namba hizo Shangazi alikuwa nazo kwenye vidole.

Dereva alikuwa anaingia amechoka, vumbi hadi kwenye kope.

"Shikamoo Shangazi. Naomba beringi ya gurudumu la nyuma."

"Marahaba. Ya mkokoteni au ya gari? Sema aina, baba."

Dereva akicheka na kutaja lori lake, vidole vilikuwa vimeshapiga namba. Kompyuta ilikuwa inalia kidogo, naye anasema, "Rafu ya chini, kushoto," huku amemwelekea mteja uso kwa uso. Nimeona wauzaji wengi katika miji mingi. Sijaona mwingine aliyeuza hivyo, kama mtu anayemenya viazi huku anapiga soga.

Kisha kompyuta ikaanza kuzimika yenyewe. Mwanawe, mfanyabiashara wa Morogoro, akaja na jambo alilokuwa amelifikiria kwa muda. Alitaka kuweka mfumo mpya wa kugusa kwenye skrini, pamoja na karani wa kuutumia.

"Mama, una presha ya macho. Daktari alishasema. Pumzika."

"Nikapumzike wapi? Nyumbani kuna nini, kuku?"

"Kuku si wabaya."

"Basi kakae nao wewe."

Walikubaliana mbele yangu. Ikiwa programu ya zamani itafunguka kwenye kompyuta nyingine, Shangazi atabaki kwenye kaunta. Isipofunguka hadi Jumamosi ya wiki inayofuata, karani anaingia na yeye anakwenda nyumbani. Mwana hakusema kwa ubaya. Lakini alipoondoka, Shangazi aliifuta kaunta ambayo ilikuwa safi tayari.

Fundi wa kwanza alileta kompyuta mpya yenye Windows mpya. Programu haikufunguka. Wa pili akajaribu, akachoka, akasema, "Shangazi, hii imeshakufa. Zika."

"Mwenye msiba ni mimi," alisema Shangazi, "na sijalia bado."

Ndipo nikakumbuka Makambako. Tajiri wangu wa kule virusi vilimsumbua hadi akaweka Linux kwenye kompyuta zote, mfumo uliotengenezwa na watu wa dunia nzima na kugawiwa bure. Wateja walinuna kwa siku chache kisha wakasahau. Mimi sikusahau. Nilipenda kwamba kompyuta ambazo wengine walishazitupa, pale ziliendelea kufanya kazi. Nikauliza madereva wa njia ya Kilosa, wakanielekeza kwa fundi mmoja wa huko anayetumia mfumo huo.

Tulikwenda na pikapu ya yadi kupitia kijiji kinachoitwa Ulaya, Shangazi ameipakata kompyuta yake ikiwa imefungwa kwa kitenge. Fundi alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, anaishi jirani na stesheni ya zamani, kwenye nyumba aliyoachiwa na babu yake aliyekuwa mfanyakazi wa reli. Alimwamkia Shangazi, akampa kiti na maji, kisha akafungua kile kitenge taratibu kama anafunua mtoto mchanga.

"Windows mpya ilikataa?" aliniuliza.

"Ilikataa, dada."

"Haiwezi. Hii programu imezoea nyumba ya kizamani. Tutaijengea hiyo nyumba ndani ya Linux."

Alinyofoa diski, akainakili yote. Kisha kwenye kompyuta ndogo iliyotumika, yenye Linux, akaweka programu nyingine ambayo kazi yake ni kujifanya kompyuta ya zamani. Nilisimama nyuma yake. Skrini ikawa nyeusi, herufi za kijani zikapanda, na jina la ile kampuni iliyokwisha kufungwa likatokea juu kama vile haijawahi kufungwa. Nimehama sana maishani, na karibu kila kipya nilichokutana nacho kilinitaka niache kitu nyuma. Huu mfumo uliingia na cha zamani mgongoni. Na waliotengeneza ile programu ya kuigiza hawakumjua Shangazi wala hawakujua Mikumi iko wapi. Walifanya kwa sababu waliona ni aibu kitu kinachofaa kipotee.

Tukarudi tukiwa na furaha. Kesho yake asubuhi furaha ikaisha.

Programu ilifunguka vizuri, ila Shangazi alikuwa amegeuka mtu mwingine. Alipiga namba, akasubiri, akainama hadi pua ikakaribia kioo. Dereva wa kwanza aliondoka na filta isiyokuwa yake, akairudisha. Wa pili aliambiwa mkanda wa feni upo, na rafu ilikuwa tupu.

"Mashine yako ina kiburi," aliniambia. "Inanitazama tu."

Nilidhani ni ugeni. Nilimwonyesha jinsi ya kukuza herufi, akaniambia nisimkuzie. Mchana alivua miwani, akaiweka kaunta. "Mpigie mwanangu," alisema. "Amlete huyo karani."

Nilimpigia fundi badala yake. Alifika Ijumaa, akavuta stuli karibu na Shangazi, akamtazama akifanya kazi. Mwishowe akauliza, "Shangazi, ile ya zamani ilikuwa inalia?"

"Inalia ndiyo. Spea ikiwepo inalia mara moja. Ikiwa imekwisha inalia mbili, sauti nzito. Namba ukiikosea inakoroma."

"Na ulikuwa unasikiliza hiyo."

"Sasa mwanangu, ningesoma na macho gani?"

Nilikuwa nimekaa mita chache kutoka kwake kwa miezi mingi, nikiudhika na ule mlio. Kumbe alikuwa ameshaacha kuona maandishi zamani, na kazi yote aliifanya kwa vidole na masikio. Kompyuta mpya haikuwa na ile spika ndogo ya ndani, na fundi, kwa heshima ya wateja, alikuwa amezima sauti zote. Tulimletea programu yake nzima, tukaacha kitu kimoja alichokuwa anakitegemea.

Fundi hakujitetea. Alifungua mipangilio, akawasha mlio wa kuigiza, akachomeka spika ya redio iliyokuwa kwenye rafu. Mlio wa kwanza ulikuwa mwembamba.

"Hapana. Mzito zaidi."

"Hivi?"

"Huyo ni mbuzi. Shusha."

Akashusha. Shangazi alipiga namba ya beringi, kompyuta ikalia, naye akainua kichwa kumtazama dereva aliyekuwa mlangoni. "Karibu baba, gari gani?"

Jumamosi mwana alifika na karani wake, kijana mtaratibu aliyebeba boksi la mfumo mpya. Duka lilikuwa limejaa. Mwana alisimama mbele ya kaunta, mikono nyuma, akamtazama mama yake akihudumia dereva mmoja, halafu mwingine, halafu kondakta aliyekuwa anabisha kuhusu plagi. Akajaribu kumtega kwa swali.

"Mama, pampu ya maji ya lile lori jeupe ipo?"

Vidole vikatembea. Milio miwili, mizito.

"Imekwisha. Iliyobaki uliichukua wewe mwenyewe, hukusema."

Madereva wakacheka, na yeye akacheka, akajishika shingo. Akamwambia karani arudishe boksi kwenye gari.

"Basi mama. Kaa."

"Nimekaa tangu asubuhi," alisema Shangazi. "Sogea, unamzibia mteja."