Wafu wa Kuta za Kalundu

Kalundu yote ilijua michoro, mchoraji hakuna aliyemjua. Wengine walisema ni kijana aliyesomea Bukavu, wengine wakasema ni roho. Roho! Alikuwa Laurette, Mama Ushindi, yule anayeandika "Parseli hii haiuzishwe" kwenye kuta za viwanja vya watu, saa nne ya asubuhi, ngazi begani. Nani anamwangalia mwanamke anayepaka ukuta mchana?

Ilianza Januari. Modeste, mbeba mizigo wa bandarini, alikuwa amezikwa wiki mbili tu, na tayari mdogo wake Candide alikuwa ametafuta mnunuzi wa parseli. Mjane, Pétronille, alimwita Laurette aandike yale maneno ya kawaida. Lakini maneno yanazuia nini? Mwizi naye amesoma. Anayasoma, kisha anauza. Laurette akashikwa na hasira, akaomba foto ya marehemu, akamchora Modeste ukutani, mkubwa kama mlango, macho njiani.

Kesho yake mnunuzi akafika na Candide.

"Huyu ni nani?"

"Kaka yangu. Alikufa."

"Mbona ananiangalia?"

"Ni rangi tu, bwana."

"Lala nayo weye, hiyo rangi! Minye nilikuja kununua parseli, sikuja kununua na mwenyewe."

Candide akapaka chokaa juu. Hakujua kwamba Laurette alisaga makala, makaa ya jikoni, ndani ya vidanji, yale mafuta machafu ya pikipiki, na chokaa haishiki juu ya mafuta. Mvua moja tu, Modeste huyu hapa tena. Mjinga akapaka mara tatu. Heri angenunua sabuni, akaoshe roho yake.

Kufika Agosti wafu walikuwa saba, na hakuna parseli hata moja kati ya hizo iliyouzwa. Kila mjane alitoa foto, na kila mjane aliapa hamjui mchoraji. Mashemeji wakatangaza kwamba wakimshika watamvunja mikono yote miwili. Mmoja wao alimwita Laurette mwenyewe aje kukwangua mchoro. Akakwangua kidogo, akasema, "Haitoke, baba. Huyu mutu anajua kazi yake."

Kisha Novemba, zamu ikafika kwake. Na bwana yake, Toussaint, hakuwa amekufa. Alikuwa mzima, mnene, anakula samaki mukeke mezani.

"Mama Ushindi, siku ya posho mutu anakuja kuona parseli."

"Parseli gani?"

"Hii."

"Na batoto?"

"Utawapeleka kwenu Lemera."

Akaendelea kutoa miba mdomoni. Matofali ya nyumba ile Laurette aliyapata kwa ngazi na ndoo, moja moja, miaka tisa. Toussaint alileta nini? Tumbo.

Laurette alifikiri siku mbili. Akimchora, kila mtu atajua. Hakuna mjane katika nyumba ile, na nani mwingine angemweka mtu mzima kati ya wafu, kama si mke wake? Na wale mashemeji saba walikuwa wanasubiri mikono yake. Ijumaa akapeleka watoto kwa Pétronille, akachanganya makala. Foto hakuihitaji.

Siku ya posho, Jumamosi, mnunuzi akatazama ukuta, akamtazama Toussaint, akarudi ukutani.

"Bwana, pole sana. Ulikufa lini?"

"Minye mzima! Si unaniona?"

"Hapa Kalundu, anayechorwa amezikwa."

Akapanda pikipiki. Toussaint akapiga kelele barabara nzima isikie: "Ni weye, Laurette! Ni weye unachoraka bafu!"

Saa sita haijafika, Candide na wenzake walikuwa mlangoni na fimbo, shefu wa kartye, mkuu wa mtaa, nyuma yao.

"Mama Ushindi," shefu akauliza, "ni weye?"

"Ni minye. Na bazima pia, kama wanauzisha."

Candide akainua fimbo. Pétronille, aliyekuwa amerudisha watoto, akasimama katikati.

"Shemeji, anza na minye. Foto ya Modeste nilitoa minye. Na yako iko kwangu, ile ya ndoa yetu, umesimama karibu yake. Laurette anaweza kuifanyia kazi leo."

Candide aligeuka kumtafuta shefu. Shefu alikuwa ameshaondoka. Fimbo ikashuka, wenzake wakaanza kukumbuka shughuli nyingine.

Parseli haijauzwa. Toussaint analala kwa dada yake, na akienda bandarini anazunguka kwa njia ya nyuma. Juzi alituma mtu kumwomba Laurette akifute, kile kichwa chake. Laurette akajibu aje mwenyewe kukifuta, mbele ya watoto. Hajaja.