Santuri Ambazo Babu Hakuzisikiliza

Ukitaka kuwaona wanaume wanaojua kila kitu, njoo nikutie kwenye kundi letu la simu la wapenzi wa santuri za soul. Mwanamke humo ni mimi peke yangu. Wananiita “dada yetu” kwa sauti ile ile wanayomwitia muuza vitumbua, kisha wananieleza mambo niliyowaeleza mimi wiki iliyopita. Yupo mmoja anakaa Bunju, ana chumba kizima chenye kiyoyozi kwa ajili ya santuri zake, na mkewe analala na feni. Hazipigi. Eti sindano inazila. Kazi yake ni kuzipangusa vumbi, kuzipiga picha na kututumia, nasi tuseme mashaallah. Huyo kwangu si mpenzi wa muziki, ni mlinzi wa ghala.

Mimi nauza mashuka na mapazia hapa Zinga, barabarani, na santuri zangu nazipiga. Zinakwaruza, ndiyo. Hata magoti yangu yanakwaruza na bado natembea. Nilianza na soul za Wamarekani, zile zilizoingia nchini ndani ya masanduku ya mabaharia, lakini zilizonishika hasa ni za vikundi vya kwetu vilivyowaiga. Vijana wa pwani wa miaka ya sabini mwanzoni, nywele timtim, suruali za bugaluu zinafagia njia, wanasimama mstari mmoja na kuimba kwa sauti za kupangana, Kiswahili chao juu ya midundo ya ugenini. Wengi walitoa santuri moja tu, wakaoa, wakaenda kuuza mbao. Hakuna aliyeandika habari zao, na ukimuuliza mtu mzima wa Bagamoyo anakutazama kana kwamba umemuuliza mambo ya chumbani kwake.

Kundi moja katika hayo lilikuwa la mtaani kwetu hasa, Mji Mkongwe wa Bagamoyo. Santuri yao hakuna kati yetu aliyewahi kuishika. Kilichokuwa kinazunguka kwenye simu ni kipande kilichonakiliwa kutoka kwenye kaseti mbovu, waimbaji wanasikika kama wako ndani ya pipa la maji. Lakini hata ndani ya pipa, katika wimbo wa upande wa pili, inapanda sauti moja nyembamba juu ya wengine wote, na mtu mwenye masikio anajua kuwa hiyo ni ya msichana.

Bwana wa Bunju hakujua. Alituandikia insha ndefu kwamba ile ni sauti ya mwanamume anayebana koo, kwa kuwa binti wa Kiislamu wa Mji Mkongwe asingethubutu. Akaendelea, nani wa kumzuia, akaeleza kwamba santuri ni adimu kwa sababu meli iliyozileta ilizama. Wenzake wakamshukuru kwa utafiti. Utafiti! Nilicheka dukani peke yangu hadi mteja akarudisha shuka alilokuwa amelishika. Meli iliyozizamisha santuri zile ni babu yangu mzaa baba. Mpaka leo Bwana wa Bunju anaiamini meli yake, na mimi sina mpango wa kumtoa humo.

Kwetu habari hii inasimuliwa kwa fahari, na msimulizi mkuu ni baba. Vijana wale walifanyia mazoezi katika nyumba iliyopakana na yetu, ukuta mmoja. Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, wakati huo alikuwa msichana anayengoja kuchumbiwa. Akipika uani, wale wakianza kuimba, naye huwaitikia upande huu wa ukuta, na mtaa mzima ukimsikia. Wakamtumia ujumbe kwamba wanamtaka kwenye santuri. Kisha ikatokea harusi Pangani, watu wazima wote wa nyumbani wakaenda, shangazi akaachwa kulinda nyumba, na siku hizo hizo vijana wakaenda Dar kurekodi. Santuri ikatoka na sauti ya kike. Jirani akamnong'oneza babu, na babu akaona hiyo inatosha. Vijana walimwapia kwamba si yeye. Akasema wanamsitiri, na akazidi kuamini.

Alichofanya baada ya hapo sidhani kama kingefanywa na mtu yeyote asiye mzee wa kwetu. Mtu mwingine angeisikiliza santuri ajue ni sauti ya nani. Babu hakuisikiliza. Kuipiga nyumbani kungekuwa kuimwaga sauti ya bintiye kwa majirani, na kwenda kuisikiliza kwa mtu kungekuwa kukiri. Akavaa kanzu na kofia, akaenda dukani, akazinunua zote. Akaenda Pangani akazinunua zote, na Tanga, na Dar. Mfanyabiashara wa mbata aliyejulikana kwa kuvuta bei mpaka muuzaji atokwe na jasho, safari hiyo alilipa alichoambiwa. Wenye maduka si wajinga, waliagiza nyingine. Akarudi akanunua tena. Basi kama palikuwa na mtu pwani hii ambaye hajasikia habari za binti wa mzee yule, alizisikia kwa njia hiyo, maana watu walijiuliza mzee wa msikitini anazitakia nini santuri za bugaluu. Aibu ya rejareja akaigeuza ya jumla, tena kwa fedha zake mwenyewe.

Alizichoma uani. Wanasema moshi wake ulikuwa mweusi na ulikaa kwenye nguo zilizoanikwa mtaa mzima. Kisha akamwoza shangazi Pangani, harakaharaka, kwa mtu wa rika lake yeye babu, bila hata ngoma ya kueleweka. Baba akifika hapo hutikisa kichwa kwa heshima na kusema mzee alikuwa mtu wa msimamo. Msimamo gani huo, wa kuuhukumu wimbo ambao hukuusikia?

Shangazi mwenyewe alikuwa na neno moja tu juu ya jambo hilo: hakwenda. Alimwambia babu, hakuaminiwa. Alimwambia mumewe, naye akawa anamtupia santuri hiyo usoni kila chumvi ikizidi kwenye mchuzi. Alipofiwa na mume akarudi Bagamoyo, na sasa anakaa na baba katika nyumba ile ile, na baba humtendea wema ule wa mtu aliyesamehe, ambao mimi hauniingii akilini. Humnunulia dawa, humchagulia papai, na siku za wageni huhakikisha habari ya msimamo wa mzee inasimuliwa tena huku dada yake akimimina kahawa. Mimi naye shangazi nilikuwa simwamini kwa sababu zangu mwenyewe. Nilitaka awe yeye. Nilikuwa nimeshatunga kichwani nitakavyowaandikia wale mabwana: sauti yenu ya mwanamume ni shangazi yangu, na hii hapa picha yake.

Santuri yenyewe niliipata Mkange. Mteja wangu mmoja wa mapazia, mzaliwa wa huko, aliniambia marehemu baba yake alikuwa na hoteli ya chai yenye gramafoni. Babu hakufika Mkange. Kwake yeye kule kulikuwa porini, sidhani kama iliwahi kumpitia akilini kwamba watu wa huko nao wana masikio. Nilipoingia ile nyumba nilikuta santuri zimewekwa chini ya miguu ya kabati, kuzuia mchwa. Tukaliinua kabati. Ilikuwa chini ya mguu wa nyuma, lebo imefifia lakini jina la kundi linasomeka. Niliinunua kwa mapazia ya sebule nzima na ningeongeza ya vyumbani.

Sikuweza kujizuia, niliwatumia mabwana picha. Lahaula! Bwana wa Bunju aliyekuwa akiniita dada yetu akanipigia simu ananiita mama, ananiuliza kama naweza kuisubirisha asiiguse mtu hadi afike. Nikamwambia nakatia vitunguu juu yake, nikakata simu. Kisha nikampigia shangazi, nikijiandaa kwa furaha yake, na furaha haikuwepo. Aliuliza kama nimekwisha kuipiga. Nikamwambia bado.

“Usiipige,” akasema. “Ilete hapa. Nataka mdogo wangu aisikie kwa masikio yake nikiwa nimekaa mbele yake. Nataka nife nimeaminiwa.”

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mimi na yeye tunaitakia santuri ile mambo mawili tofauti. Ikiwa ni sauti yake, mimi nitawafunga midomo wanaume wa kundi letu, naye ataonekana mwongo kwa mtu pekee aliyebaki wa kumwamini. Ikiwa si yake, nimebeba tu sahani ya mchwa. Njia nzima kutoka Zinga nilijiona mtu mdogo, maana kila nikiomba aonekane mkweli, kuna kipande changu kilichokuwa kinaomba kinyume.

Ilikuwa Ijumaa, baada ya swala. Baba hakutaka. Alisema nyumba ya mzee haijapata kupigwa muziki, kana kwamba si muziki uliomlia mzee huyo fedha zake zote. Shangazi alikwisha kaa kwenye kiti, ushungi umenyooshwa, mikono imetulia, na hakubishana naye. Alisema tu kwamba amemuuguza mume, amezika, hajawahi kumwomba kitu, na leo anaomba akae. Baba akakaa. Akashika tasbihi akaanza kuivuta ili ionekane anafanya jambo lingine.

Niliweka upande wa pili. Ilikwaruza sana, kisha wakaingia wale vijana, wazi, hawako tena ndani ya pipa, unawasikia hata wakivuta pumzi. Kisha yule msichana akapanda juu yao. Mimi sauti ya shangazi ya ujana sikuijua, kwa hiyo nilimtazama baba. Tasbihi ilikuwa imesimama.

“Huyu si dada,” akaniambia mimi, si yeye.

“Si mimi,” shangazi akasema. “Anaimbia puani. Na pale pa kupanda, msikilizeni, anapakwepa. Mimi nisingepakwepa.” Na kwa dakika ile nilimwona alivyokuwa, mpishi wa uani mwenye kiburi cha koo lake, na nikawa na hasira na babu ambayo sijawahi kuwa nayo kwa mtu aliye hai. Alimchoma mtoto wake kwa sababu ya sauti ya mtoto wa mtu mwingine, na kilichotakiwa ni kuweka sindano tu.

Ungedhani baba angeomba radhi. Wapi! Alikohoa, akarekebisha kofia.

“Lakini ulitaka kwenda,” akasema.

“Nilitaka. Baibui nilishalivaa, wananingoja kwa nyuma. Kisha wewe, mtoto mdogo ulivyokuwa, ukaanza kutetemeka kwa homa, nikalivua.”

Kwa mara ya kwanza siku hiyo baba alimtazama dada yake, na nikaona uso wa mzee huyu, baba yangu, mtu wa kusimulia, ukitafuta pa kwenda.

“Mzee aliniuliza,” akasema polepole. “Waliporudi kutoka harusini, na tena santuri ilipotoka. Aliniuliza kama ulikuwa nyumbani. Alikuwa na bakora mkononi. Nikamwambia sijui, nilikuwa nimelala.”

Sikujua hilo. Katika masimulizi yote ya msimamo, kwa wageni wote wale, hakuwahi kulitia.

“Ulikuwa umelala kweli,” shangazi akamwambia, bila ukali. “Ulikuwa umelala mapajani mwangu, usiku na mchana.”

Baba akalia. Leso nilikuwa nayo mkononi, na sikumpa.