Karafuu za Jubek

Juu ya benchi la Gune, seremala wa milango katika soko la Custom, palining'inia kifuko cha karafuu ambacho hakikufunguliwa kwa miezi mitano. Mteja akiuliza, Gune hujibu, "Si za kuuza. Zina mwenyewe."

Mwenyewe alikuwa Jubek, binamu yake. Tangu warejee kutoka uhamishoni Uganda, Gune ndiye aliyekuwa mnenaji wa ukoo: posa ikija, hukaa uso kwa uso na mnenaji wa wakwe, akajibu hoja kwa hoja. Kabla ya kila jibu zito, wazee hutoka uani, wakainamisha vichwa pamoja na kunong'onezana. Katika mnong'ono mmoja wa namna hiyo Jubek aliruka nyuma, akaziba pua. Waliporudi ndani, alikirusha kifuko hicho mapajani mwa Gune mbele ya wageni.

"Tafuna, ndugu yangu! Wakwe wametoka mbali, usiwaue kwa mdomo."

Wageni walicheka. Wazee hawakucheka, walitenda lililo baya zaidi. Walimhamishia Gune mlangoni, na kiti chake wakampa Jubek.

Mwaka ule ule angeposwa Charity, binti wa marehemu kaka yake, ambaye Gune alimlea tangu akinyonya. Gune aliapa kwamba Jubek hatamnenea mtoto huyo.

Alikwenda mtaa wa Hai Amarat kwa Caroline, tabibu wa meno kutoka Gulu. Alikiri kwamba aliacha mswaki miaka mingi iliyopita, kwa kuwa kila alipopiga mswaki ufizi ulitoka damu, naye alidhani anauhurumia.

"Mzee," Caroline alisema, "ufizi unatoka damu kwa kuwa huusafishi, nawe huusafishi kwa kuwa unatoka damu. Mtaachana lini?"

Alimdunga ganzi, akaukwangua ukoga uliogandana kama jiwe hadi chini ya ufizi, upande mmoja siku hiyo na wa pili juma lililofuata. Akamwagiza: mswaki laini asubuhi na kabla ya kulala, uzi kati ya meno, ulimi nao usuguliwe, tumbaku iachwe.

"Na karafuu?"

"Inaficha harufu tu. Ugonjwa unaendelea kula chini kwa chini, hadi jino lilegee."

Gune akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu atukanwe.

Hapakuwa na mgonjwa mtiifu kuliko yeye. Kila uchao alisimama uani na kikombe cha maji, akisugua taratibu, macho yameelekea nyumbani kwa Jubek.

"Baba," mkewe Teresina alimwuliza, "unasafisha meno au unanoa panga?"

"Vyote viwili."

Mwezi wa tano tangu atukanwe, Jubek mwenyewe alipita Custom. Alikuwa akijifuta midomo kwa leso yenye madoa mekundu, na alipocheka Gune aliona ufizi uliovimba na jino la mbele lililoinama. Aliutambua ugonjwa ule kama mtu anavyolitambua shati lake mwilini mwa mwizi.

"Gune, siku hizi unanukia kama mtoto! Ulipata dawa gani?"

Kliniki ya Caroline haikuwa mbali. Gune alinyoosha mkono, akakitungua kifuko.

"Dawa yako mwenyewe. Tafuna."

Jubek aliondoka akitafuna, na akashukuru.

Siku ya posa ya Charity ilipowadia, Jubek alikaa kitini shavu moja limetuna. Wazee walipotoka kunong'onezana, duara lilipanuka kumzunguka; hakuna aliyetaka kuinama. Mzee Ezbon, mkubwa wao, akafoka, "Nani amekuja na mzoga mdomoni?"

Gune aliingia katikati ya duara, akausogeza uso wake hadi puani mwa binamu yake, akapumua taratibu.

"Nusa, ndugu yangu. Kuna kitu?"

"Hakuna," Jubek alisema kwa shida.

"Basi kiti changu," Gune akasema. Ezbon akaitikia kwa kichwa.

Waliporudi ndani Jubek alimshika mkono, akinong'ona, "Karafuu zimeniua. Ulitibiwa wapi?"

"Malesh, samahani, sikusikia. Sema kwa sauti, wakwe nao wasikie."

Jubek aliwatazama wageni, akawatazama wazee. Jino likamchoma.

"Nauliza," alisema kwa sauti, "ulitibiwa wapi mdomo."

Mgeni mmoja alificha kicheko ndani ya kiganja.

"Hai Amarat, kwa Caroline. Atauokoa ufizi. Jino hilo la mbele usimwulize. Hilo limekwisha kwenda. Sasa kakae mlangoni, penye hewa."

Alingoja hadi Jubek alipokaa mahali pale pale alipokaa yeye. Kisha akasogeza kiti mbele, karibu kabisa na mnenaji wa wakwe, akaanza kumnenea Charity.